Difu Haipandi

Kuna aina ya pikapu utaiona sana huku ng'ambo ya Mombasa, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe. Mbele imeinua kifua kama jogoo, kati ya tairi na fenda pana nafasi ya kupitisha mkono mzima, na bampa liko usawa wa goti la mtu mkubwa. Ukiiona kwa mbali utasema hiyo ni fo-wili. Sasa inama uchungulie chini. Hakuna shafti ya kwenda mbele, hakuna difu ya mbele. Ni tu-wili tu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, vile vile ilivyotoka kiwandani. Kilichobadilika ni kwamba kuna fundi alilala chini yake na spana akakaza bolti mbili.

Wanaokaa kisiwani hudhani ni mbwembwe. Mbwembwe zimo, sikatai. Vijana wa mtaani wakiona pikapu imesimama hivyo lazima waiimbie. Lakini mwenye pikapu ya kazi hapelekwi kwa fundi na mbwembwe. Anapelekwa na barabara.

Ukitoka Likoni ukashika barabara kuu ya Lunga Lunga, lami iko na huna la kulalamika. Kata uingie mitaani, kuelekea Mtongwe, Timbwani au Shika Adabu, ndipo utajua. Ardhi yetu ni tumbawe lililofunikwa na udongo kidogo. Mvua ikinyesha udongo unakwenda na maji, linabaki jiwe lenye meno. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipopita, kuna vichochoro vilivyobaki mfano wa taya la papa. Kisauni nako, Mshomoroni na Mtopanga, hadithi ni hiyo hiyo. Changamwe ukishuka Chaani au Mikindani baada ya masika, utakuta mifereji imechimbwa katikati ya njia.

Halafu kuna feri. Maji ya Kilindini wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Yakijaa, gari linaingia kwenye feri kama linaingia sebuleni. Yakipwa, lazima ushuke mteremko mrefu kisha ukutane na mdomo wa feri unaopanda, na pale vinapokutana pana pembe. Gari lenye pua ya chini linagonga. Utasikia ile "krrrr" ya bampa, na watu mia tano waliosimama na mabegi yao wanageuka kukutazama.

Ami yangu alichoshwa na hiyo "krrrr".

Ana Isuzu TFR ya zamani, zile zilizokuwa zikiunganishwa Nairobi enzi za General Motors East Africa, kampuni ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. TFR ndiyo ya magurudumu mawili. Ndugu yake wa fo-wili aliitwa TFS, na Ami hulitaja jina hilo kama mtu anavyomtaja mchumba aliyeolewa na mwingine. Kazi yake ni kubebea duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, wakati mwingine mawe ya tumbawe kutoka upande wa Kilifi. Mimi nilikuwa nikipanda naye siku ambazo sina darasa. Naandika risiti, nahesabu mifuko, nashikilia turubai mvua ikija.

Katika biashara hiyo, kufika ndiyo kazi yenyewe. Mteja anajenga mwisho wa njia ambako hakuna njia. Ukikwama mita mia moja kabla ya geti lake, anapiga simu kwingine, na safari ijayo hakuiti. Basi Ami alifanya wanavyofanya wote. Kwanza aliongeza majani ya springi nyuma ili gari libebe bila kulala. Nyuma ikapanda. Likiwa tupu, pua ikainama zaidi, na ile "krrrr" ya feri ikazidi. Hapo ndipo watu wengi huanza kufikiria mbele.

Tulikwenda kwa fundi mmoja mzee Changamwe. Huyo ni mtu wa kukutengenezea gari na kukusomesha kwa pesa ile ile. Alituonyesha kitu ambacho nilikuwa nimekipita macho miaka yote. Pikapu za umri ule, TFR za Isuzu na Hilux za tu-wili za kabla ya kizazi cha Vigo kilichotoka 2004, mbele hazina springi ya kujiviringa. Zina nondo mbili nene za chuma, moja kila upande, zimelala kwa urefu wa chesisi. Mafundi wanaziita tosheni ba. Ncha moja ya nondo imeshika mkono wa gurudumu, ncha nyingine imefungwa kwenye chesisi. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, nondo inajisokota. Jiwe likipita, inajisokotoa. Hiyo ndiyo springi yako. Si teknolojia ya jana: Citroën Traction Avant ya Ufaransa ilikuwa nazo tangu 1934.

Pale ncha ya nyuma inapofungwa kuna bolti. Ukiikaza, unaizungusha ile ncha, mkono wa gurudumu unasukumwa chini, na kwa kuwa ardhi haisogei, gari ndilo linalopanda. Bolti mbili, jeki moja, hata chai haijapoa. Ndiyo maana kila karakana inaifanya.

"Watu hudhani ukikaza hapa unaongeza nguvu ya springi," fundi alimwambia Ami. "Hakuna nguvu uliyoongeza, ndugu yangu. Nondo ni ile ile. Umeisogeza tu mahali inapoanzia kazi."

"Mbona zikiinuliwa zinakuwa ngumu?"

"Ndoo uone."

Alimwita chini ya gari, na mimi nikainama upande wa pili. Mkono wa gurudumu una safari yake, kwenda juu na kwenda chini, na kila mwisho kuna mpira wa kuuzuia usigonge chuma. Gari likikaa kawaida, mkono uko katikati, una nafasi pande zote mbili. Ukiliinua gari, umeutumia upande wa chini. Mkono unakaa karibu na mpira wake wa chini, na gurudumu likiingia shimoni halina pa kushukia. Linaning'inia. Gari linadunda "du!" na dereva anasema springi imekuwa ngumu. Kumbe imeishiwa nafasi.

Akaendelea kutuonyesha. Shoki inavutwa hadi mwisho wa urefu wake, siku moja sili inakata na mafuta yanatoka. Boljointi inakaa kwa pembe ambayo haikupangiwa. Gurudumu nalo linabadilisha namna linavyosimama, kwa sababu mkono wa juu ni mfupi kuliko wa chini, na vikishuka pamoja havishuki sawa. Usipokwenda kwa alainmenti baada ya kuinua, tairi linaliwa upande mmoja.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani kila mwenye pikapu ya tu-wili angepaswa kuulizwa kabla ya kutoa pochi.

"Bwana, huko mtaani gari inakugonga wapi?"

Ami akamwonyesha bampa lililochubuka. Kisha kwa sauti ya chini kidogo akamwonyesha nyuma, ile bakuli ya difu katikati ya ekseli. Ilikuwa na mikwaruzo myeupe ya tumbawe kama mgongo wa chungu cha zamani.

"Hii ya mbele nitakusaidia," fundi akasema. "Sentimita mbili na nusu, zinakutosha kwa feri. Hii ya nyuma, hata ukiinyanyua pua mpaka mbinguni, difu haipandi."

Ami hakuelewa mara moja. Mimi pia ilinichukua muda. Ekseli ya nyuma ya pikapu imekaa kati ya magurudumu mawili, na difu inaning'inia katikati yake. Umbali wake kutoka chini unategemea kimo cha tairi, basi. Ongeza majani ya springi, chesisi itapanda na bodi itapanda, difu itabaki pale pale. Kaza tosheni ba mpaka bolti iishe, difu haina habari. Kinachoipandisha ni tairi lenyewe, nalo hukupa nusu ya ulichoongeza: tairi likizidi kimo kwa sentimita nne, difu inapanda mbili. Na hata hivyo tu-wili haikwami kwa ufupi peke yake. Inakwama kwa sababu gurudumu la nyuma limekosa kushika na linazunguka bure, na la mbele halina la kukusaidia.

Kwa hivyo pikapu iliyoinuliwa mbele imepata kitu kimoja cha kweli: pua haigusi inapokutana na mwinuko, iwe ni tuta, mdomo wa feri au ukingo wa geti. Hicho ni kitu, tena kwa mtu wa Likoni ni kikubwa. Lakini pale katikati ya njia, penye jiwe lililosimama, imebaki ilivyokuwa, ila sasa dereva wake ana moyo wa kujaribu.

Fundi akainua sentimita mbili na nusu. Alipima kwa futi, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kabla na baada, pande zote mbili. Ami alilipa, akashukuru, lakini nilimwona usoni. Alitaka kuona tofauti akiwa amesimama mbali, na hakuiona.

Baada ya wiki mbili alikwenda karakana nyingine. Sitaitaja wala sitasema iko upande gani. Wale vijana hawakupima chochote. Walikaza hadi gari likasimama kama linataka kuruka, wakapiga makofi ya bodi mara mbili, "Mzee, sasa hii ni mashine!" Na kweli ilikuwa inapendeza. Nilipiga picha. Mtaani watu walisimama kuitazama, na Ami, mtu mzima mwenye wajukuu, akawa anaendesha kioo kikiwa chini na kiwiko kikiwa nje.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Feri hatugongi, matuta tunayapanda kwa dharau. Mwezi wa tatu matairi ya mbele yakaanza kuonyesha nyuzi upande mmoja. Shoki ya kushoto ikatoa mafuta. Ami akasema ni mambo ya kawaida, gari kuukuu. Angeweza kuendelea kusema hivyo mwaka mzima kwa sababu hayo yote alikuwa akiyalipa yeye mwenyewe.

Jambo lililomsimamisha halikulipwa na yeye.

Siku hiyo feri zilikuwa na foleni ndefu, tukavuka tumechelewa, na tulikuwa tumebeba saruji gari zima. Giza lilitukuta njia ya Mtongwe. Hakuna taa za barabarani pale. Bodaboda ilikuwa inakuja mbele yetu, mtu mmoja, bila abiria. Nilimwona akiinua mkono kujikinga macho, pikipiki ikayumba, na kabla Ami hajagusa breki yule kijana alikuwa ameshaingia mtaroni.

Tulimtoa. Alikuwa anaongea, alhamdulillahi, lakini kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika na pikipiki imepinda uma. Ami alikuwa akirudia neno moja kama dua: "Lakini nilikuwa nimedimu. Nilikuwa nimedimu, wallahi." Na ni kweli. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, ile taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi haikuwa imewaka.

Yule kijana alisema, akiwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro na mkono wake umefungwa kwa leso yangu, "Mzee, mimi sikuona gari. Niliona jua."

Usiku ule sikulala, nikachukua karatasi. Hesabu yake si ya chuo, ni ya darasa la nane. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma pikapu ile ina kama mita tatu. Ukiinua mbele kwa sentimita tano zaidi ya ilivyopangiwa, umeuelekeza mwanga juu kwa sentimita tano katika kila mita tatu. Mita 25 mbele, hiyo ni kama sentimita 40. Sasa pakia saruji. Nyuma inalala sentimita nyingine tano, na pua inapanda kwa kipimo hicho hicho. Umefika sentimita 80 na zaidi. Taa zenyewe ziko kama sentimita 80 kutoka chini. Zikiwa zimedimiwa na kulengwa sawa, mwanga wake hushuka takriban sentimita moja kwa kila mita, yaani umeshuka 25 ukifika pale. Jumlisha, toa. Mwanga uliotakiwa kuangaza lami unafika karibu mita moja na nusu kutoka chini.

Ni pale yalipo macho ya mtu aliyekaa juu ya pikipiki.

Nilimwonyesha Ami ile karatasi asubuhi. Aliisoma kimya, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hakusema kitu. Mchana tulikwenda tena Changamwe.

Fundi mzee hakutucheka wala hakusema "n'shakwambieni". Alilegeza bolti akairudisha TFR kwenye zile sentimita mbili na nusu. Akabadilisha shoki zote mbili za mbele, akatuma gari kwa alainmenti. Kwa kuwa matairi yalikuwa yameshakufa, alimshauri Ami anunue saizi moja juu ya aliyokuwa nayo, baada ya kuhakikisha hayakwaruzi fenda usukani ukikatwa mwisho. Difu ikapanda sentimita moja na nusu. Ami alikwenda kuipima mwenyewe kwa futi, akalala chini na kanzu yake ya Ijumaa.

Mwisho kabisa fundi akaomba jambo ambalo sikuwahi kuona karakana ikiomba: tupakie gari kwanza. Tukapakia mifuko ya mchanga nyuma. Akaliegesha likitazama ukuta kwa umbali wa mita kumi, akachora mstari wa chaki usawa wa taa, akachora mwingine sentimita kumi chini yake. Kisha akazungusha skrubu za nyuma ya taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukakaa kwenye mstari wa chini. "Ikiwa tupu utaona karibu kidogo," alimwambia Ami. "Vumilia. Nenda polepole."

Ami alilipa hospitali, akalipa uma wa pikipiki, na kwa wiki sita ambazo yule kijana hakuweza kushika klachi alipeleka kitu nyumbani kwao kila Jumamosi. Hakuambiwa na polisi wala mzee wa mtaa.

Nimekuwa nikifikiria tangu siku ile kuhusu kuinua magari huku kwetu. Barabara ikiharibika, gharama yake haipotei. Inatafuta wa kubeba. Wenye jukumu la kuitengeneza wasipoibeba, inatushukia sisi, na sisi kila mmoja anajitafutia kimo chake. Mwenye hela ananunua fo-wili. Asiye nazo anakaza bolti. Na aliye chini kabisa, wa bodaboda, wa miguu, mama anayerudi na ndoo ya maji kichwani, hana bolti ya kukaza. Kimo tunachojiongezea kinakwenda kumpiga yeye machoni.

Sisemi watu wasiinue. Mtu wa Likoni anayevuka na bamvua ana sababu zake, na sentimita mbili na nusu zimetutosha mpaka leo. Nasema uliza unagonga wapi, kisha pima kwa futi kabla na baada, na usitoke karakana kabla taa hazijalengwa gari likiwa na mzigo.

Jambo jingine lilianza lenyewe. Siku moja Ami alirudi kutoka kwa mteja akiwa amebeba kifusi cha ukuta uliovunjwa. Badala ya kukimwaga jaani alikishusha kwenye lile jino la tumbawe karibu na msikiti wetu, lile lililokuwa likimkwaruza difu. Wiki iliyofuata mwenye Probox alileta karai tatu za kokoto. Si barabara, mvua ijayo itachukua nusu yake. Ila pale sasa hata tuktuk zinapita, na tuktuk ndiyo gari fupi kuliko yote tuliyo nayo.

Kwa mizigo, Ami amebadilisha utaratibu. Kabla hatujapakia humpigia mteja simu na kumuuliza, "Kwako hapo, gari gani la mwisho lilifika getini?" Akiambiwa ni lori au Probox, tunakwenda. Akiambiwa ni fo-wili tu, anamwambia tutashusha barabarani na mkokoteni utamalizia, na bei ya mkokoteni iko kwenye risiti. Wengine wanakata simu. Wengi wanasema, sawa, ndoo.